Mzee Mwishehe Kondo Anaikabidhi Ndoo Nyeusi

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 1956, Mzee Mwishehe Kondo anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Shaba ya Keko kwa miaka ishirini na saba. Aliingia getini mwaka 1929 akiwa mbeba makaa, na anatoka akiwa Mpakaji Mkuu wa Kinywe, cheo ambacho hakimo katika karakana nyingine yoyote kwa sababu alikitunga mwenyewe na hakuna aliyepata ujasiri wa kumkatalia. Mwandishi wa maneno haya ni mimi, Fransis Nandonde, mkanyaga pedali wa nyundo kubwa. Nimesimama karibu naye tangu mwaka 1934. Yaliyotokea kabla ya hapo nimesimuliwa na waliokuwapo, na mengi nimesimuliwa na yeye mwenyewe, kwa hiyo nimeyapunguza kidogo.

Kwa kuwa siku hiyo watakuja pia wake zetu, watoto na majirani wa Keko na Temeke ambao hawajawahi kuingia kwenye banda la nyundo, ni vizuri nieleze kazi yenyewe. Hapa hatumwagi shaba iliyoyeyuka. Tunakata kipande cha shaba, tunakipasha tanurini mpaka kipate wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, kisha tunakiweka ndani ya kalibu. Kalibu ni vipande viwili vya chuma kigumu, kimoja chini na kimoja juu, vilivyochongwa ndani umbo la kitu tunachokitaka: koki ya bomba, kitasa, kiungio cha mpira wa maji. Nyundo ikishuka, shaba inajaa kila kona ya kalibu na kitu kinatoka kimekamilika. Nyundo hiyo tunaiita Bi Mkubwa, kwa sababu ikisema wote tunanyamaza.

Shida ya shaba ni kwamba ikibanwa na moto wake hung'ang'ania. Hapo ndipo panapohitajika kinywe. Kinywe ni madini meusi laini, yaleyale yanayotiwa ndani ya penseli. Yakisagwa na kupakwa kalibuni huacha utando mwembamba ambao moto hauumalizi upesi, na shaba ikiukuta inateleza na kutoka. Hayo ndiyo maelezo yote. Mtu anaweza kuyasoma akiwa amesimama, akadhani ameielewa kazi ya Mzee Mwishehe. Mimi nimeitazama kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado nikimwona anapaka nasahau mguu wangu uko wapi.

Zamani hapakuwa na kinywe hapa. Kalibu zilipakwa oili chafu ya magari, ambayo iliwaka, ikajaza moshi bandani, na shaba ikanata vilevile. Kipande kikinata, desturi ilikuwa watu wawili wachukue mtaimbo wakibandue, huku Bi Mkubwa amening'inia juu yao akizuiwa na gogo. Siku moja ya mwaka 1931 watu hao wawili walikuwa Mwishehe Kondo na rafiki yake Gregori Mapunda, fundi hodari aliyetoka Songea. Mwishehe alishika mtaimbo kwa nyuma, Gregori akashika kwa mbele. Gogo likateleza. Mkono wa kulia wa Gregori ulibaki na kidole gumba na cha shahada.

Bwana Lobo, fundi mkuu wetu, ambaye wakati huo hakuwa na mvi hata moja, aliagiza makopo ya kinywe kutoka ng'ambo mara tu baada ya ajali hiyo. Makopo yalipofika, hakuna aliyeyataka. Unga ule ukiugusa kwa kidole asubuhi, jioni unaukuta shingoni, kwenye kofia na ndani ya kisamvu. Ilionekana ni kazi ya mtu asiyejijali. Aliyeiomba ni Mwishehe.

Wanaomjua watafahamu kwa nini watu walicheka. Mwishehe Kondo ndiye mtanashati wa kwanza wa karakana hii, na wa pili yuko mbali sana nyuma yake. Huja kazini amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, ananukia udi, amesimama kwenye kila baraza kutoka Temeke mpaka hapa kuuliza hali za watu na kuonekana. Hubadili nguo nyuma ya pipa la maji, na ile kanzu huitundika kwa uangalifu kuliko mama anavyomlaza mtoto. Wala si mtu wa kuficha sifa zake. Miaka yote hii, kila Jumamosi kazi ikiisha, ametutangazia: "Hesabuni vidole vyenu. Mkimaliza, mniletee kahawa." Tumehesabu, na kahawa tumempelekea.

Mwanzoni alikoroga kinywe kwa oili, kama maelezo ya kwenye kopo yalivyosema. Shaba ilitoka, lakini tulikohoa sote, na yeye alikuwa na shida yake ya peke yake. Oili na kinywe vikichanganyika vinaganda mikononi kama ngozi ya pili, na kila adhuhuri alipokwenda kuswali alihofu kwamba maji ya udhu hayamfikii. Alimwuliza Sheikh Sadallah wa Temeke, naye akamjibu kuwa rangi haina neno, neno liko kwa kitu kinachozuia maji. Mwishehe akarudi ameamua kwamba oili itatoka ndani ya ndoo yake.

Alijaribu maji matupu, kinywe kikazama chini. Alijaribu maji ya mchele, akajaribu gundi ya mkorosho. Alijaribu sukari guru, nyuki wakaja wengi mpaka Bi Mkubwa akapumzishwa siku nzima. Mwisho akaja na uji mwepesi wa wanga wa muhogo. Uji ule ulikishika kinywe kisizame, na ulipopakwa kwenye kalibu ya moto maji yalitoka kwa mvuke, ukabaki utando mweusi, mkavu, usio na moshi. Bwana Lobo aliufuatilia kwa makini, akaupima kwa koki za kila aina, kisha akatangaza kwamba oili haitapakwa tena. Hiyo ilikuwa mwaka 1936. Tangu hapo kuta za banda letu zinaonekana, na Mzee anaswali bila wasiwasi.

Lakini muhogo una mambo yake. Wa masika si wa kiangazi, na wa Mbagala si wa Kiwalani. Uji ukizidi, utando unapasuka na kubanduka. Ukipungua, kinywe kinatiririka na kuacha chuma kitupu. Kikombe peke yake hakikutosha kuwa kipimo. Mzee alitaka kuuona mchanganyiko ukikauka kwenye ngozi ya mtu, kama utajivuta au utatulia na kung'aa. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshakolea kinywe, haioneshi kitu. Yetu sisi ilikuwa na grisi. Mtu pekee mwenye mikono safi na mikavu asubuhi alikuwa mlinzi wa geti, na mlinzi wa geti alikuwa Gregori.

Hapa inabidi niseme Gregori alikuwaje siku hizo. Baada ya ajali alipewa kazi ya getini, na mkono wake wa kulia akautia mfukoni. Hakuutoa. Alisalimia kwa mdomo tu, na watu wasiojua wakamwita mtu wa maringo. Chakula alikula peke yake nyuma ya kibanda chake, kwa sababu hakutaka kupeleka mkono ule kwenye sinia la watu, na wa kushoto haupelekwi. Kwenye banda la nyundo hakukanyaga tena. Nilipoanza kazi nilimpita kila siku kwa muda mrefu bila kujua kwamba ana kasoro yoyote.

Basi asubuhi moja Mwishehe alitoka bandani ameshachovya vidole kwenye ndoo, akaenda moja kwa moja getini, akanyoosha mkono wake mweusi. Gregori akampa wa kushoto. Mwishehe akakataa, akasema: "Mie asubuhi sishiki mkono wa kushoto. Lete wa kulia, nina kazi nao." Wakasimama hivyo, mmoja amenyoosha mkono na mwingine ameuficha, mpaka watu wakaanza kujaa nyuma yao wakitaka kupita. Gregori akautoa. Mwishehe akaushika, akaupaka kinywe kwenye vile vidole viwili na kwenye kovu lote, akaanza kumuuliza habari za nyumbani, za mke wake Rosalia, za mahindi, za mvua. Habari zilipokwisha, kinywe kilikuwa kimekauka. Akamuuliza kinaonekanaje. Gregori akautazama mkono wake, kitu ambacho nadhani alikuwa hajakifanya kwa miaka, akajibu: "Kinavuta. Punguza muhogo."

Mwishehe akaenda akapunguza muhogo. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku ya kazi mpaka wiki hii tuliyo nayo, ila asubuhi moja nitakayoieleza mbele. Kalibu haipakwi kabla Gregori hajasema. Baada ya muda Gregori akawa mgumu kuliko mkaguzi wa mizani. Mara nyingine alimrudisha Mzee mara mbili, tena kwa furaha ya wazi. Na mkono wa mlinzi wetu wa geti, mtu asiyegusa ndoo wala nyundo, ukawa mweusi kuliko mikono yetu, na ukakaa nje ya mfuko.

Wakati wa vita makopo ya ng'ambo yalikatika. Nilimwambia Mzee kwamba kwetu Masasi wanawake hung'arisha vyungu kwa jiwe jeusi laini linaloacha alama vidoleni. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto. Niliporudi kutoka likizo na gunia la jiwe hilo, alisugua kipande kimoja kwa kidole gumba, akaniomba radhi, jambo ambalo nimeliandika hapa kwa kuwa halijarudiwa. Jiwe lilikuwa na mchanga ndani yake ambao ungekwaruza kalibu, kwa hiyo tulilitwanga na kulipepeta kwenye maji mpaka mchanga ukabaki chini. Kinu tulichotwangia kilikuwa cha mke wake, Bi Tunu, naye hakuulizwa. Nyumba ya Mzee Mwishehe ilikula wali wa kijivu kwa muda, na Bi Tunu bado ananitazama kwa jicho la pembeni tukikutana sokoni.

Vita vilipokwisha ikaja aluminiamu, kwa ajili ya vishikio vya masufuria. Aluminiamu hunata kuliko shaba, tena haibadiliki rangi ikipata moto. Unaweza kuiyeyusha huku unaitazama. Mzee alijifunza kuburuza kijiti cha mwarobaini juu yake. Kijiti kikiacha mstari wa kahawia, moto umefika. Kwa aluminiamu alipaka kinywe chepesi mno, mara nyingi, kwa brashi aliyoitengeneza mwenyewe kwa makumbi ya nazi. Moto wa kalibu aliupima kwa kuirushia matone ya maji kwa vidole. Tone likitulia, kalibu ni baridi. Likikimbia na kucheza, ni moto mno, kinywe hakitashika. Alilitaka tone liseme "chsss" na kutoweka. Mimi nimejaribu kuisikia tofauti hiyo miaka yote, nasikia "chsss" tu.

Sasa nifike mwaka 1949, maana wengi mmeniambia nisipouandika nitakuwa sijaandika kitu.

Kazi zilikuwa zimepungua. Bwana Lobo alitukusanya akatuambia wazi kwamba kuna oda ya viungio vya mipira ya kuzimia moto, na kwamba wenye oda watakuja wajionee. Tukiikosa, nusu yetu tutarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Akasema tusafishe kila kitu. Nasi watu wa hapa tukiambiwa mgeni anakuja hatujui kusafisha nusu. Tulipaka chokaa ukutani, tukafagia hata paa, tukaosha bomba la moshi. Mzee Mwishehe alikuwa Kunduchi kwenye arobaini ya mjomba wake.

Kornelio, mchochea tanuri, mtu mwema kuliko wengi wetu, akaziona kalibu. Zilikuwa nyeusi tii. Kwao Kornelio sinia la shaba likiwa na weusi mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo mzima. Akaita wenzake, wakaleta majivu, mchanga laini na ndimu, wakazisugua kalibu kama masinia ya harusi, huku wakiimba. Mimi nilikuwa juu kwenye mikanda ya Bi Mkubwa, nikaziona zinavyong'aa, na nakiri zilipendeza. Zikafungwa mahali pake, zikafunikwa kitambaa safi, na Bwana Lobo alipopita hakuona kitu ila kitambaa.

Ule weusi haukuwa uchafu. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka za kinywe zilizokaa ndani ya chuma miezi na miezi, na Mzee aliuita ngozi. Kinywe cha kila asubuhi hushika juu ya ngozi hiyo. Isipokuwapo, unapaka juu ya chuma kitupu, na shaba ya kwanza inakisomba chote.

Asubuhi ya ugeni, kinywe kilikorogwa na kupakwa na Apolinari, msaidizi mpya wa Mzee, mtu mzima aliyetoka kwenye mashine za katani. Alipaka kama alivyofundishwa, ila getini hakwenda, kwa kuwa Gregori alikuwa akiwafungulia wageni. Wageni walikuwa Wazungu wawili na wakala wao Mhindi. Kornelio akaleta shaba, nikakanyaga, Bi Mkubwa akashuka, akapanda. Kiungio kikabaki ndani. Kilikuwa kimeng'ang'ania kama kimeota pale. Bwana Lobo akawa mweupe. Ndipo Apolinari akachukua mtaimbo, akaingiza mkono chini ya nyundo. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo, lakini pia hakuna aliyemkataza, kwa sababu kwa miaka mingi hakuna kilichonata na tulikuwa tumesahau kwamba ni jambo la kukatazwa.

Mzee Mwishehe aliingia wakati huohuo. Alikuwa ameshuka kwenye lori la Kunduchi, bado amevaa kanzu yake ya melimeli, ile ambayo Bi Tunu aliitia darizi shingoni kwa mkono wake. Hakupiga kelele. Alisukuma kabari chini ya pedali yangu kwa mguu, nikahisi pedali imekufa. Akamshika Apolinari kwenye ukosi akamtoa, akamnyang'anya mtaimbo na kuutupa nje dirishani. Kisha akaomba injini izimwe.

Bwana Lobo alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wageni wakiondoka, nusu ya watu waliosimama pale hawana kazi. Nilikuwa karibu, nilisikia jibu. Mzee alisema: "Basi mie niwe wa kwanza kuondoka. Lakini hapa hauingii mkono wa mtu." Bwana Lobo akamtazama, akatazama kule getini, kisha akaenda akaizima injini yeye mwenyewe.

Wageni wakakalishwa kwenye masanduku, muuza kahawa akaitwa. Tulimteremsha Bi Mkubwa juu ya magogo, tukaifungua kalibu, tukakitoa kiungio kwa kabari, tukaifunga tena na kuizungushia makaa ipate moto. Mzee akaikoroga ndoo upya. Hakubadili nguo, kwani kalibu ilikuwa inapoa. Alikunja mikono ya kanzu tu, nayo ikakunjuka. Muda wote aliwasimulia wageni habari za Kunduchi na za marehemu mjomba wake, na yule wakala akawafasiria. Mchanganyiko ulipokuwa tayari, akatuma mtu amwite Gregori.

Gregori alikuja mpaka mlangoni, akasimama. Miaka kumi na minane hakuwa ameuvuka mlango ule. Akamwambia Mzee atoke yeye, kama siku zote. Mzee alikuwa amepiga goti mbele ya kalibu, anaichunga isipoe, akamjibu bila kugeuka: "Siwezi kutoka, ndugu yangu. Leo njoo wewe." Gregori akapita kando kando ya ukuta, mbali na Bi Mkubwa kadiri alivyoweza, akafika, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu sote na mbele ya wageni. Mzee akaupaka. Akamuuliza habari za nyumbani, nusunusu. Tukasubiri kikauke.

Gregori akautazama mkono, akasema: "Muhogo umezidi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni mmoja alikuwa ameshatazama saa yake mara nyingi. Mtu mwingine yeyote angesema bora twende hivyo hivyo, na sidhani kama tungemlaumu. Mzee Mwishehe aliinuka, akaimwaga ndoo yote nje, akaanza upya kutia maji. Akarudi, akaupaka mkono tena. Safari hii Gregori aliugeuza huku na huku kwenye mwanga, akachukua muda wake, akasema: "Hapo sawa."

Akaanza kuirudisha ngozi. Alipaka tabaka jembamba, akaliacha likauke, akalisugua kwa kumbi la nazi mpaka likang'aa, akapaka jingine. Alirusha tone, akasikiliza, akasogeza makaa. Jasho lilimdondoka, naye akalifuta kwa mkono wa kanzu, kanzu ikawa haina tena jina la kanzu. Gregori hakurudi getini. Alisimama pale, mkono uko nje, akiitazama kalibu ikigeuka nyeusi. Nilitazama sura za wageni, hata yule wa saa alikuwa ameacha kuitazama. Sijui dini ya kila mtu aliyekuwapo, lakini tulisimama kama watu walio ibadani.

Injini ikawashwa. Mzee akaitoa kabari chini ya pedali yangu, akasema: "Kanyaga, Fransis." Nikakanyaga. Bi Mkubwa akashuka, akapanda, na kile kiungio kikainuka upande mmoja, kikalala ubavu, kikaanguka mchangani chenyewe. Hakuna mtu aliyekigusa. Cha pili kikafanya vivyo hivyo, na cha tatu, na sikuacha kukanyaga mpaka Bwana Lobo aliponishika bega.

Mgeni mwenye miwani, aliyekuwa mkubwa wao, hakukiendea kiungio. Alimwendea Gregori, akaupokea ule mkono, akausalimia, akaondoka na weusi kwenye vidole vyake. Oda ilikuja. Ilikuwa ndogo kuliko tulivyoomba, lakini hakuna aliyerudishwa nyumbani. Siku ileile adhuhuri Gregori alikaa nasi kwenye sinia moja, na tangu hapo hajala tena peke yake.

Niliwahi kumuuliza Mzee Mwishehe kama kweli mkono wa Gregori ulihitajika, au lilikuwa ni jambo la huruma tu. Aliniuliza ni mara ngapi nimeona shaba imenata tangu 1936. Nikamjibu kwamba ni mara moja tu, mwaka 1949. Akaniuliza kama siku hiyo Apolinari alipitia getini kwanza. Kisha akarudi kwenye ndoo yake. Nimefikiri juu ya jambo hilo mara nyingi nikiwa pedalini. Ninachojua ni kwamba nimekaa karibu na mtu mkubwa, na nilikuwa nikimletea kahawa.

Kuanzia Jumatatu ndoo itakuwa ya Apolinari. Mzee amemfundisha muhogo wa kila msimu, kijiti, tone na kumbi. Amemfundisha kwamba kalibu haisuguliwi hata akija nani, na Kornelio ndiye anayelisimamia hilo kwa ukali kuliko wote. Amempeleka pia getini, akaukabidhi mkono wa Apolinari kwa Gregori mbele ya macho yetu. Gregori alisema anamkubali, ila ajue kwamba yeye ni mgumu kuridhika.

Mzee anakwenda kwenye shamba lake la Kiwalani, ambako ana minazi, muhogo mwingi, na majirani wachache wasiojua bado kwamba wamepata mtu wa maneno. Kwa niaba ya Bwana Lobo na wafanyakazi wote, tunakushukuru, Mzee Mwishehe, kwa hewa tunayovuta bandani na kwa vidole tunavyoshikia karatasi hii. Tunakuombea afya, mavuno mema, na miaka mingi ya raha pamoja na Bi Tunu, ambaye tunamrudishia pia kinu kipya cha mpingo.

Imebaki zawadi. Ile kanzu ya melimeli haikutakata kamwe. Bi Tunu anasema aliifulia sabuni nyingi kuliko aliyowafulia watoto wake wote, na sasa iko sandukuni. Kwa hiyo tumechanga, tumemshonea Mzee nyingine, nyeupe, yenye darizi. Itakabidhiwa na Gregori, kwa mkono wa kulia. Bwana Lobo alishauri ifungwe kwenye karatasi, kwani asubuhi hiyo ndoo itakuwa imeshakorogwa na Mzee atakuwa ameshapita getini kwa mara yake ya mwisho. Gregori amekataa karatasi. Anasema ataishika hivyo hivyo, na Bi Tunu ameshaarifiwa.